Joyce Laboso Hakubaki Naibu

Mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Luteni mstaafu Chiku Gallawa. Kwetu Ndalambo, wilaya ya Momba, sikusikia mzee yeyote akilalamika. Na angelalamika wapi? Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Unalala, unaamka, redio inakutajia jina la mkuu wako mpya, unachukua jembe unaenda shamba. Hakuna mkulima wa mahindi aliyeulizwa kama anamtaka mama au anamtaka baba.

Wenzetu Wakenya wanaulizwa. Katiba yao ya 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti humchagua gavana wake kwa kura za wananchi. Gavana si sawa na mkuu wa mkoa wa huku kwetu. Ana bajeti yake, ana bunge la kaunti la kumbana, ana hospitali, barabara za ndani, kilimo na elimu ya awali. Ukitafuta wa kumfananisha naye, chukua wale magavana wa majimbo ya Marekani tunaowasikia kwenye taarifa ya habari, halafu umpunguzie madaraka. Na kwa kuwa ni kura, kila anayekitaka kiti hicho lazima asimame juu ya gari, ashike kipaza sauti, awaambie watu: nichagueni mimi. Mwaka 2013, uchaguzi wa kwanza wa magavana, kaunti zote 47 zilichagua wanaume. Si 46. Zote.

Miaka minne baadaye, Agosti 2017, wakapatikana wanawake watatu. Wawili wengi wenu mnawajua: Charity Ngilu wa Kitui, ambaye aligombea hata urais mwaka 1997, na Anne Waiguru wa Kirinyaga, aliyekuwa waziri kabla ya hapo. Wa tatu, Dk. Joyce Laboso wa Bomet, hatajwi sana, pengine kwa sababu hakukaa muda mrefu na hakuwa mtu wa kelele. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze, na nataka tumzungumze sasa hivi, wakati watu wanachukua fomu za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Kiukweli nimechoka kuona majina ya wasichana yakiandikwa kwenye mstari wa pili wa fomu.

Kwanza, huyu ni mwenzetu kabisa. Watu wa Elimu tunaambiwa kila siku kwamba tulikuja huku kwa sababu sheria haikututaka na udaktari ulitukataa. Laboso alisoma shahada ya ualimu Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafundisha, akawa mhadhiri Chuo Kikuu cha Egerton, akaenda Uingereza akachukua shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hull, katika masuala ya jinsia na elimu. Alikuwa mwalimu hasa, wa kusahihisha insha na kusubiri mwisho wa mwezi. Kama siasa isingemfuata nyumbani, huenda angestaafia darasani.

Ilimfuata kwa njia mbaya. Dada yake, Lorna Laboso, alichaguliwa mbunge wa Sotik mwishoni mwa 2007, uchaguzi ule ule uliofuatiwa na mauaji ya zaidi ya watu 1,000 nchini Kenya. Sotik yenyewe iko mpakani: upande huu Wakipsigis, upande wa pili wa Borabu ni Wakisii, na miezi ile mpaka huo uliwaka moto. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo ilianguka eneo la Narok. Ndani yake alikuwamo Lorna, wakati huo naibu waziri, pamoja na Waziri wa Barabara, Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet. Wote walifariki.

Septemba ya mwaka huo ukafanyika uchaguzi mdogo. Sotik ikamchagua Joyce, achukue pale alipoachia dada yake. Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa waziri. Wapo waliosema, na wapo watakaosema hata leo wakisoma hapa, kwamba hizo zilikuwa kura za rambirambi. Sawa. Tuseme zilikuwa kura za rambirambi. Lakini rambirambi hukupa muhula mmoja. Mwaka 2013 Joyce Laboso alirudi Sotik kuomba kura kwa jina lake mwenyewe, akapewa. Bunge lilipokutana Machi ya mwaka huo, wabunge wakamchagua kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo Kenya.

Hapa ndipo pananigusa, kwa sababu unaibu ni kiti tunachokijua sana. Naibu anakaa kwenye kiti kikubwa Spika akiwa hayupo, kisha Spika akirudi, naibu anasimama. Kazi yake ni kuituliza nyumba. Wanawake tunasifiwa sana kwa kazi hiyo, na sifa zenyewe zina harufu ya nyumbani: ana subira, ana busara, hapendi ugomvi, anajua kuongea na watu. Laboso alikuwa na sifa hizo zote na alisifiwa kwa hizo zote. Hazikumkinga na lolote. Tarehe 18 Desemba 2014, Bunge la Kenya lilipokuwa likipitisha sheria ya usalama ambayo upinzani haukuitaka, ukumbi uligeuka stendi. Karatasi zilichanwa, watu walirushiana ngumi, na Naibu Spika akamwagiwa maji. Ndiyo, maji. Mhadhiri, daktari wa falsafa, mbele ya kamera, amelowa.

Sasa kuna neno linaloniletea shida. Mwanasiasa asiye wa kupindukia, anayeweza kukaa meza moja na pande zote mbili, tunamwita mtu wa msimamo wa wastani. Na sisi tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tunajua wastani kwenye ripoti ya mwanafunzi ni nini: ni C. Amejitahidi, aongeze bidii. Basi mwanamke mtulivu akitokea kwenye siasa anapewa C hata kabla mtihani haujatungwa. Atafaa awe msaidizi. Akitokea mwenye ukali, hapo anaulizwa kwao alifundwa na nani. Katika hali hiyo sijui mtu achague kuwa nani.

Kwa Laboso, wastani haukuwa ulaini. Ilikuwa ni namna ya kupita pagumu. Tazama alikotoka: Mkipsigis wa Sotik, ameolewa na Mjaluo, katika nchi ambayo 2008 makabila yalikuwa yanahesabiana kwa mapanga. Aliingia bungeni kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga. Mwaka 2013 alikuwa URP, chama cha William Ruto. Mwaka 2017 alikuwa Jubilee, chama kilichoiunganisha URP na TNA ya Uhuru Kenyatta. Ukitaka kumlaumu kwamba alifuata upepo, unayo haki, na mimi sitakubishia sana, maana eneo lote la Wakipsigis lilihama pamoja naye na yeye hakuwa wa kubaki nyuma peke yake. Ila angalia alivyohama. Wanasiasa wengi wakihama chama huanza kwa kutukana chama walichotoka. Yeye alihama bila kuchoma daraja, na alipofariki, Uhuru, Ruto na Raila wote watatu walimlilia kama mtu wao.

Turudi 2017. Alikuwa Naibu Spika, kiti kizuri, mshahara mzuri, gari, ulinzi. Angeweza kubaki. Angegombea tena Sotik, angerudi bungeni, pengine angechaguliwa tena kuwa naibu, na leo tungemsoma kwenye orodha ya wanawake waliowahi kuwa wasaidizi wazuri. Badala yake alikwenda kuomba kiti cha gavana wa Bomet, na aliyekikalia hakuwa mtu mdogo. Isaac Ruto ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana Kenya. Alikuwa na chama chake mwenyewe, Chama cha Mashinani, na mwaka ule alikuwa mmoja wa vigogo watano wa muungano wa NASA, bega kwa bega na Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula. Mzungumzaji hodari, mtu wa mikutano, mtu wa vijembe. Kwa lugha ya hapa chuoni, alikuwa rais aliyeko madarakani, ana pesa za kampeni, ana wapambe mabweni yote.

Na silaha waliyoichukua wapinzani wa Laboso haikuwa rekodi yake bungeni. Ilikuwa ndoa yake. Huyu ameolewa kwa Wajaluo, akaombe kura huko kwa wakwe zake.

Naomba tuikalie hoja hii kidogo, kwa sababu ni ya kwetu kabisa, hata kama iliyosemwa ni ya Bomet. Momba pia tunasema mtoto wa kike ni wa watu. Tunasema analelewa kwa ajili ya nyumba ya wengine. Sasa mtoto huyo wa watu aende huko kwa hao watu agombee udiwani. Ataambiwa nini? Ataambiwa wewe si wa hapa, umekuja tu kuolewa, kwenu ni kule barabara ya Sumbawanga. Akirudi kwao anaambiwa umeshaolewa, hapa si kwako tena. Basi jimbo la mwanamke liko wapi? Mwanaume ana kwao, na akioa kwao panabaki palepale, hata akioa wanne kutoka mikoa minne. Mwanamke kila akisogea anapoteza upande mmoja bila kupewa wa pili.

Laboso hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kukutana nalo. Wavinya Ndeti wa Machakos alisemwa miaka mingi kwa sababu mumewe ni Mnigeria. Alishindwa 2013, akashindwa 2017, akashinda 2022. Hakuna gavana mwanaume wa Kenya ninayemfahamu aliyeambiwa akaombe kura kijijini kwa mke wake.

Alichofanya Laboso ni kutokubali kuchagua. Hakumficha mume, na hakuacha jina la kwao. Jina Laboso ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya kura, jina lile lile la dada yake aliyezikwa. Na watu wa Bomet, wale tunaodhani wako gizani na mila zao, walimsikiliza Isaac Ruto, wakamsikiliza yeye, wakampa yeye.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Bomet mwaka ule ilikuwa ndani ya wimbi la Jubilee, na William Ruto, Naibu Rais wa wakati huo, alikuwa na sababu zake za kutaka Isaac Ruto aanguke. Mgombea yeyote wa Jubilee angekuwa na upepo nyuma yake. Lakini hata upepo unahitaji mtu wa kuusimamisha tanga, na ndani ya Jubilee kulikuwa na wanaume wa kutosha waliokitaka kiti kile. Wala sitawaambia kwamba Bomet iligeuka peponi. Alikaa madarakani chini ya miaka miwili, na sehemu ya muda huo alikuwa mgonjwa. Huwezi kumpima gavana kwa barabara za miezi ishirini na kitu, na anayedai anaweza, ama alikuwa kwenye timu ya kampeni ama ana hasira zake.

Katikati ya mwaka 2019 alikwenda London kutibiwa saratani, kisha India, akarudishwa Nairobi. Alifariki tarehe 29 Julai, akiwa na miaka 58. Ulikuwa mwezi mbaya kwa Kenya. Tarehe 1 saratani ilikuwa imemchukua Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, na siku tatu kabla ya Laboso ilimchukua Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Wakenya wakauliza swali ambalo hata sisi tungeuliza: hospitali ziko chini ya kaunti tangu 2013, sasa kama gavana mwenyewe lazima apande ndege, mwananchi wa kawaida afanyeje? Ni swali la haki, na halikuwa lake peke yake kulijibu. Naibu wake, Hillary Barchok, akaapishwa kuwa gavana.

Alizikwa nyumbani kwa mume wake, upande wa Fort Ternan, kaunti ya Kisumu. Wale waliomwambia akaombe kura kwa wakwe zake walimwona akienda huko mwishoni, baada ya Bomet kumpa kura zake na yeye kuitumikia. Sioni mgongano hapo. Mtu anaweza kuwa wa sehemu mbili. Sisi ndio tunaolazimisha iwe moja.

Baada yake mambo yalisogea. Uchaguzi wa 2022 Kenya ilipata magavana wanawake saba: Waiguru alirudi Kirinyaga, Gladys Wanga akaichukua Homa Bay, Susan Kihika Nakuru, Kawira Mwangaza Meru, Cecily Mbarire Embu, Ndeti Machakos, na Fatuma Achani Kwale. Saba kati ya 47 bado ni kidogo. Na kushinda si mwisho wa safari, muulize Mwangaza, aliyegombea bila chama, akagombana na bunge lake la kaunti tangu miezi ya mwanzo, akapelekwa Seneti mara tatu, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikamwondoa. Mahakama Kuu ikakubaliana nayo Machi 2025. Mwanamke akishika kiti anaweza kukipoteza pia. Hiyo nayo ni sehemu ya kuwa kiongozi wa kweli na si pambo.

Lakini katika wale saba, wa kumtazama ni Achani. Kwale ni Pwani, kaunti ya Waislamu wengi, mahali ambapo mtu wa bara akiongelea uongozi wa wanawake huanza kutikisa kichwa kabla hajaambiwa kitu. Achani, mwanasheria, alikuwa naibu gavana wa Salim Mvurya kwa mihula yote miwili, kuanzia 2013 hadi 2022. Miaka tisa ya kukaa kiti cha pembeni. Mvurya alipomaliza muda wake, kila mtu angeelewa kama naye angeaga na kwenda zake. Hakuaga. Alisema kazi hii nimeifanya miaka tisa, naijua, naomba niifanye nikiwa mbele. Akawa gavana mwanamke wa kwanza Pwani ya Kenya. Unaibu kwake ulikuwa shule, na shule watu huhitimu.

Mtaniambia hiyo ni Kenya, sisi tuna utaratibu wetu. Ni kweli, na utaratibu wetu una mazuri yake. Katiba yetu inataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na ndiyo sababu Bunge lililochaguliwa 2020 lilikuwa na viti maalum 113. Bila viti hivyo picha ya Dodoma ingekuwa suti tupu. Lakini mbunge wa viti maalum hajasimama Ndalambo mbele ya akina baba na akina mama akaomba kura dhidi ya mwanaume. Chama kimempanga kwenye orodha. Mkuu wa mkoa mwanamke ameteuliwa. Hata Rais Samia Suluhu Hassan aliingia kwenye kile kiti kupitia mlango wa makamu. Alikuwa mgombea mwenza 2015, na tarehe 19 Machi 2021 Katiba ndiyo iliyomkabidhi nchi baada ya msiba. Sisemi hao wote hawakustahili. Nasema sisi wapiga kura tumezoea kumpokea kiongozi mwanamke akiwa ameshapikwa na kupakuliwa. Kumchagua wenyewe, jikoni, moshi ukituuma macho, bado hatujazoea.

Ila Momba tumewahi kufanya. Mwaka 2020 jimbo letu lilimpeleka bungeni Condester Sichalwe, msichana kijana, kwa jimbo, si kwa viti maalum. (Uchaguzi wa 2020 una maneno yake mengi, siyaingii leo.) Watu wa huku, wakulima wa ulezi na mahindi, Wanyamwanga na mila zao zote, walikubali kuwakilishwa na binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwalimu wa mazoezi wa watoto wao. Haya, alipofika Dodoma nini kilimpata? Tarehe 1 Juni 2021 mbunge mwenzake, mwanaume, alisimama kulalamikia suruali yake kwamba inambana, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamwamuru atoke nje akavae vizuri ndipo arudi. Nchi nzima ikaifahamu Momba kwa suruali. Maji, barabara, bei ya mahindi mpakani Tunduma, hivyo havikutuletea kamera hata moja.

Kwa hiyo naomba tuache kuwasingizia watu wa vijijini. Kijiji kilimchagua. Aliyemtoa nje ni ukumbi wa watu waliosoma.

Na sisi ni watu tunaosoma. Tangu niingie mwaka wa kwanza nimepiga kura hapa chuoni mara mbili, na mara zote mbili jozi zote zilizogombea zilikuwa na mvulana kwenye urais na msichana kwenye umakamu. Zote, kama kaunti za Kenya 2013. Mabango yanapangwa vilevile kila mwaka: yeye amesimama mbele amekunja mikono, binti yuko nyuma ya bega lake anatabasamu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni mizania ya kijinsia. Mizania gani ambayo upande mmoja uko juu siku zote?

Na nimesikia, kama ninyi mlivyosikia kwenye foleni ya chakula, yanayosemwa msichana akidokeza tu kwamba anataka kugombea. Jamaa yake ni nani? Si ataongozwa na jamaa yake? Akipata mimba katikati ya muhula? Hiyo ni hoja ya Bomet imekuja chuoni ikiwa imevaa jinzi. Akiwa na mtu, ni wa mtu. Akiwa hana mtu, ana kasoro gani. Kwa mvulana swali la nani anamshauri usiku halijawahi kuulizwa, na tumekuwa na marais ambao lingetusaidia sana kuwauliza, hasa juu ya hesabu za michango.

Kuna wasichana hapa, nawajua kwa sura na majina na sitawataja, ambao bumu lilipochelewa ndio waliokaa na ofisi ya mikopo hadi saa moja usiku, wakatoka na jibu, wakalileta kwenye makundi ya WhatsApp ya kila kitivo. Rais alikuwa anatoa tamko. Tamko lilikuwa kali, lina herufi kubwa, na halikuleta hela. Mabinti wale hawakupiga kelele. Walifuatilia majina yaliyokosekana, moja baada ya jingine. Ndio hao watakaoombwa na wavulana watatu tofauti wiki hii: dada, niwekee jina lako hapo chini, wewe una watu.

Dada zangu, mkiombwa, ulizeni swali moja tu. Kama mimi ndiye mwenye watu, kwa nini jina langu liwe chini? Na akijibu kwamba nchi bado haijawa tayari, mwambieni Ndalambo ilikuwa tayari 2020.

Kaka zangu nanyi, hakuna aliyewakataza kuwa makamu. Ni nafasi yenye heshima. Mihula miwili ya Achani akiwa naibu haikumvunjia hadhi, haitawavunjia ninyi. Barchok alikuwa naibu wa Laboso, mwanaume mzima na shahada zake, na hatujasikia kwamba aliugua.

Fomu za urais zinatolewa kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya wanafunzi mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Zinahitaji wadhamini kutoka kila kitivo. Kwa upande wa Elimu, sahihi yangu ipo.